Mchezo wa Kupeleka Lodwar

Zuhura mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamkuana asubuhi hii hii, nawe ukaninunia kwa sababu nilifungua begi lako mara ya tatu kuhesabu soksi. Sasa umetoka na baba yako kwenda kwa fundi, begi likatiwe zipu mpya. Nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa kwenye meza ya chakula na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani. Nimechana sita. Zisipotosha nitachana nyingine, wanijua.

Kesho alfajiri unapanda basi. Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwachia mtu simu yako, nimekwambia mpaka umeziba masikio, na humu siyarudii. Humu nina jambo moja tu. Limenikaa kifuani miaka kumi na minne, na kila nikitaka kulitoa naishia kukuuliza kama umekula. Ulimi wangu huu, ambao mtaa mzima wanaujua, kwa hili moja umekuwa mzito kabisa. Nataka kukuomba radhi. Najua kwetu mtoto ndiye anayepiga magoti kumwomba mzazi radhi kabla ya safari, na wewe jana umefanya hivyo, nami nikakupa kwa moyo mmoja. Lakini wakati naweka mkono kichwani mwako nilikuwa nawaza, mimi je, yangu nitaiomba lini?

Basi nianze na ile zawadi, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Unakumbuka siku ile uliyonisomea ujumbe wa wenzako wa hospitali ya Lodwar, huko ulikopangiwa kazi? Tulikuwa jikoni, wewe unamenya vitunguu. Ukasema wauguzi wanaokaa nyumba za wafanyakazi hukutana kila Jumapili alasiri, watu wa kila pembe ya nchi, na kila mgeni anayehamia hutoa kitu kimoja kiwe cha kundi zima. Mmoja alileta sufuria kubwa, mwingine akaleta spika. Nikakuuliza wewe utapeleka nini.

"Halua, mama. Kilo mbili."

"Halafu?"

"Halafu nitasaidia kuosha vikombe."

Ulisema hivyo kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Moyo ukanipiga pa! Nikaona Jumapili zako zote za huko mbele: watu wamekaa kwenye mkeka wanachekeana, na wewe umewapa mgongo, mikono imo kwenye beseni la povu. Halua yetu wataipenda, sina shaka, nani ataikataa halua ya Malindi? Wataila, watajipangusa vidole, na wewe utabaki na sinia. Nikajiambia, hapana. Mwanangu atapeleka mchezo, kitu cha kumkalisha pamoja na wenzake. Nikajiona mama mwenye akili sana.

Jumatatu nikakudanganya kwamba nakwenda kwa fundi cherehani. Wallahi nilizunguka mji mzima. Niliona ubao wa keram umepigwa msasa ukang'aa, nikautamani, lakini ungekatiwa tiketi yake peke yake kwenye basi. Tena keram wanacheza wanne, waliobaki wanasimama kuangalia na kupigapiga miayo. Dhumna je? Unamjua mjomba wako Bakari, kaka yangu: dhumna ilimfanya asisemezane na shemeji yake Ramadhani mbili, na futari wakipelekeana kwa mkono wa watoto. Karata nazo nikazishika nikaziacha. Wengine huko wamelelewa kuambiwa karata ni kamari, na sikutaka uanze ugeni wako kwa kujitetea.

Mwisho nikaingia duka moja la vitu vya watoto, mwenyewe ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Akanitolea kisanduku cha maswali ya Kiingereza, eti vijana siku hizi ndiyo wanachezea kwenye sherehe. Akavaa miwani akanitafsiria moja moja. Swali la kwanza: nani alikuwa mpenzi wako wa kwanza na mliachana kwa nini? Swali la pili: ni uongo gani mkubwa uliowahi kumdanganya mama yako? Nikamwambia, bibi wee, huu si mchezo, hii ni kazi ya polisi. Mtu hajajua jina la jirani yake, unataka amweleze walivyoachana?

Akacheka, akainama chini ya meza, akatoka na sanduku la vijiti.

Ni vijiti vya mbao tu, laini, hamsini na kitu. Unavipanga vitatu vitatu, hivi na hivi, mpaka unapata mnara. Kisha kila mtu kwa zamu yake anachomoa kimoja huko chini na kukiweka juu, na atakayeangusha mnara ndiye aliyeshindwa. Yule mama akaupanga pale pale juu ya meza ya duka, akanikaribisha. Na mimi, mwanangu, si unanijua? Sikuwa nimekwenda kununua tena, nilikuwa nimekwenda kushinda. Nikachagua kijiti cha chini kabisa, nikakivuta kwa mbwembwe, mnara wote ukamiminikia kwenye kopo la peremende. Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakapiga kelele, yule mama akavua miwani kwa kucheka, na mimi nikajikuta nacheka kuliko wote. Ilinishangaza hiyo, maana nilikuwa nimeshindwa. Nikamwambia, nifungie huu huu.

Njiani nikawa nafikiri kwa nini nimeupenda. Hauhitaji maelezo marefu, mtu akiuona unavyochezwa mara moja amekwisha kujua. Hauulizi mtu kasoma wapi wala kabila gani. Na zaidi ya yote, hauna haja ya ulimi mwepesi. Mtu mwenye mkono wa taratibu ndiye anayeufaidi, na mkono wa taratibu unao wewe, tangu ulipokuwa ukinitoa miba miguuni huku mimi napiga mayowe kama nazaa.

Sasa nataka nikueleze huu ulimi wangu ulitoka wapi. Sijitetei. Nataka tu ujue.

Nyumba yetu ya Mambrui tulikuwa wasichana sita, mimi wa tano. Nguo ikinifikia mimi imekwisha kupauka kwa migongo minne, na samaki akinifikia mimi ni mkia. Mtoto wa tano haonekani, Zuhura. Mtu akija kutusalimu atashika shavu la mkubwa kwa kuwa amekua, na la mdogo kwa kuwa ni mtamu. Mimi nilionekana siku moja tu, siku niliyomshinda dada yangu mkubwa kwenye mdako. Tulichimba kishimo uani, vijiwe kumi na viwili ndani, unarusha kimoja juu na kuvikomba vingine kabla hakijarudi. Nilivikomba vyote. Baba yangu alikuwa anapita na kanzu yake ya Ijumaa, akasimama, akasema, "Ah! Huyu naye kumbe yumo?" Basi. Nilikula maneno hayo mwezi mzima. Kuanzia siku ile kila mchezo kwangu ukawa mlango wa kuonekana, na nikahakikisha naingia wa kwanza.

Baada ya mdako nikahamia vitendawili, na huko ndiko ulimi uliponolewa. Ya Rabi, nakumbuka ule ukumbi! Sakafu ya saruji imemwagiwa maji ipoe, bibi yangu amejilaza kwenye kitanda cha kamba, sisi mkekani, na harufu ya kahawa ikitoka uani. Kitendawili! Tega! Na bibi akituona tumeshindwa anadai mji wake. Siku hizi watoto wanaruka hapo, wanakimbilia jibu, na wanaukosa utamu wote. Kwa bibi, aliyeshindwa lazima atoe mji, na mwenye kitendawili anaupokea, anasafiri kwa maneno, anatueleza alivyopokelewa na nini kilipikwa na nani alimtandikia, na akisharudi ndipo anapotoa jibu. Bibi hakuwahi kuvuka mto Sabaki kwenda upande wa Malindi zaidi ya mara kumi, lakini tukimpa Unguja alitupitisha kila kichochoro, akatulisha pilau mpaka tukasikia njaa na tulikuwa tumetoka kula. Siku nyingine jibu tulilisahau, hatukulitaka tena. Natamani ungemwona. Natamani zaidi angekuona wewe.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Mimi nilikuwa wa kutegua. Mtu hajafunga mdomo nimekwisha jibu, dada zangu wakanichukia, wageni wakanishangilia. Nikaolewa nao ulimi huo, nikakuzaa nao.

Sasa tumefika.

Idi ile ulikuwa na miaka kumi. Tulikwenda kwa mjomba wako Bakari, Mambrui, baada ya kula biriani watu wakajilaza ukumbini, na mjomba akasema tucheze vitendawili, watoto upande huu, wazima upande huu. Wewe ulikuwa umejitayarisha. Nilijua, maana wiki nzima kabla ya hapo ulikuwa ukija jikoni nikikuna nazi, unasimama karibu yangu, unaniambia kwa sauti ya chini kitendawili ulichokitunga mwenyewe. Mwenyewe, kichwani mwako! "Ninaye bibi, kila akija mgeni humlilia." Nikashindwa, ukanipa jibu sikioni. Birika. Nikakubusu kwa kweli, nikakwambia hakuna atakayekiweza. Ukanishika mkono uliojaa tui, ukasema, "Mama, usimwambie mtu." Nikasema siwezi.

Ulisubiri zamu yako. Ulisema taratibu kama unavyosema siku zote, na nilikuwa na tabia mbaya ya kukumalizia maneno, lakini siku ile ulisema mpaka mwisho. Wazima wakajibu kitunguu. Ukatikisa kichwa. Wakajibu mlango, kwa kuwa wa mjomba wako ulikuwa unalia bawaba. Ukatikisa kichwa. Mama yako mdogo Saida akajibu paka, Mungu anajua kwa nini. Watoto wenzako wakaanza kurukaruka, maana tulikuwa sawa kwa sawa na hicho ndicho kilikuwa cha mwisho. Mjomba wako akainua mikono. "Tumeshindwa, mama. Tukupe mji gani?"

Ukasimama. Nakuona mpaka leo, gauni la Idi la rangi ya ndimu, umejishika vidole. Ulikuwa umeutayarisha na mji vilevile, niliona kwenye uso wako. Ukafungua mdomo, ukasema, "Nataka..." ukavuta pumzi.

Na mimi nikapiga kelele, "Birika!"

Sijui nikuelezeje. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa upande wa wazima, tulikuwa tunashindwa na watoto, na lile jibu lilikuwa kinywani mwangu likiniwasha. Ukumbi wote ukalipuka, shemeji zangu wakanipigia makofi, nikainuka nikacheza kiuno. Nilikuwa nimeonekana. Nilipogeuka, ulikuwa bado umesimama. Ukaniambia, wala hukulia, "Mama, wewe nilikwambia."

Nami nikakujibu mbele ya watu wote, "Mchezo ni mchezo, mwanangu!" Wakacheka tena.

Ukakusanya vikombe vya kahawa vilivyokuwa sakafuni, ukavipanga kwenye sinia, ukaenda navyo jikoni. Nikasikia maji yanafunguliwa. Mke wa mjomba wako akasema, "Mashallah, binti yako ana adabu." Nikasema ahsante. Hebu fikiri, nilisema ahsante.

Tangu siku ile kila tulipokusanyika wewe ulikuwa wa vikombe. Idi, maulidi, harusi ya Saida, siku uliyohitimu uuguzi na sherehe ilikuwa yako mwenyewe. Watu wanakusifu kwa upole, nami nazipokea sifa hizo, na kila mara kitu kinanichoma hapa, kwa kuwa kabla ya siku ile hukuwa mpole hivyo. Ulikuwa wa taratibu tu, na taratibu na upole ni vitu viwili. Mara ngapi nilitaka kukwambia! Nikijipa moyo kwamba mtoto husahau. Nikijipa moyo kwamba ni kitendawili tu, nani anakufa kwa kitendawili? Na mji uliotaka kuudai, mpaka leo siujui.

Lakini hata hayo yote siyo yaliyonikalisha kwenye meza hii. Kilichonikalisha ni jambo la Alhamisi iliyopita.

Ulikuwa umekwenda kuaga hospitalini ulikofanyia mazoezi. Nikawaita Saida na jirani yetu Kadzo tuujaribu ule mchezo wa vijiti kabla sijakupa. Tulikaa sakafuni watu wazima watatu, tukapanga mnara, na kwa kelele tulizopiga baba yako alikuja kuangalia kama kuna nyoka. Saida mikono inamtetemeka kwa kucheka, Kadzo ametulia anachomoa kijiti kama anayemtoa mtoto chawa. Akatushinda mara tatu. Nikamwambia, "Kadzo, nataka mwanangu aupeleke Lodwar, ajifunze kukaa na watu. Unamjua alivyo mkimya, michezo haijui."

Kadzo akaniangalia. "Nani hajui michezo?"

"Zuhura."

"Zuhura huyu huyu? Wa kwako?" Akaweka kijiti chini. "Mama Zuhura, wewe unanichezea. Huyu ndiye bingwa wetu kule kwetu shamba, Jilore. Si anakujaga na binti yangu Dama kila likizo? Tukikaa kupukuchua mahindi, yeye ndiye anayetutegea. Akipewa mji haurudishi haraka, anatutembeza humo mpaka gunia linajaa na hakuna aliyechoka. Mwezi uliopita tulimpa Lodwar, akatueleza joto lake mpaka shemeji yangu akaomba maji. Tena anaigiza watu! Anamwigiza chifu. Anakuigiza hata wewe unavyogombana na muuza samaki."

Saida akacheka mpaka akaanguka kwenye mnara. Mimi sikucheka. Nilimuuliza Kadzo, "Anasema kwa sauti?" Akasema, "Mpaka ng'ambo ya shamba wanamsikia."

Sasa nikwambie ukweli wangu nilivyoujisikia, bila kuupamba. Kwanza nilifurahi, mwanangu, nilifurahi mpaka machozi. Kisha nikaona wivu. Nilimwonea wivu Kadzo na shemeji yake na mahindi yao. Halafu ikanijia aibu, nayo haijaondoka. Miaka yote nilifikiri nimekuvunja, nikawa natafuta dukani kitu cha kukuunga. Kumbe hukuvunjika. Ulihamisha tu. Uliichukua furaha yako ukaipeleka mahali ambapo mimi sipo.

Ulirudi jioni ukatukuta bado sakafuni. Kadzo akakupisha mahali. Nikakwambia, "Njoo ucheze." Ukatabasamu, ukasema, "Chezeni tu, mama, nawawekea chai." Kadzo akaniangalia, nikaangalia mkeka. Angeweza kusema neno, hakusema. Kadzo ni mtu.

Basi nimekuwa mjinga mara mbili, kwanza kwa lile nililofanya, kisha kwa kudhani naweza kulirekebisha kwa kukununulia sanduku. Huko Lodwar wala sina wasiwasi nawe. Wenzako watakujua Jumapili ya kwanza, na watauliza hivi huyu tulikuwa tunaishije bila yeye. Sanduku nakupa, kwa kuwa ni zuri, na kwa kuwa nimelifanyia kazi. Mimi na Saida tumeandika kwa kalamu ya wino juu ya kila kijiti kitu kidogo cha kufanya anayekichomoa: iga mtu anayetafuta miwani aliyoivaa, imba kwa kunong'ona, taja chakula ulichokuwa ukikificha chini ya meza ukiwa mdogo, msifu aliyekaa kulia kwako kama unamuuza mnadani. Hakuna la kumuumbua mtu. Tuliandika moja tukalifuta, kwa sababu Saida alilicheka na mimi nikaona kuna mtu mahali fulani halitamchekesha. Nimejifunza kuliona hilo nikiwa na miaka hamsini na mbili, uzee si haba.

Tena utaona huko atakuwepo mmoja kama mimi. Kila kundi linaye. Atajibu kabla ya wenziwe, atachomoa kijiti kwa mbwembwe, atataka kuhesabu nani kashinda mara ngapi. Usimchukie, mwanangu. Mpe zamu yake, mcheke akiangusha, halafu mwambie akae, zamu ni ya mwingine. Mimi hakuna aliyeniambia nikae. Bibi yangu angeniambia, lakini alikufa kabla sijawa mbaya sana.

Na atakuwepo mmoja aliyeshika vikombe. Huyo sina la kukufunza juu yake.

Nirudi kwenye lile nililolikalia, karatasi ya tano hii inakwisha. Zuhura, nilikuwa nimekupa ahadi nikaivunja mbele ya watu kwa ajili ya makofi. Nilikupokonya neno mdomoni. Kisha nikacheka, kisha nikapokea sifa za adabu yako miaka kumi na minne kana kwamba nilikulea hivyo kwa makusudi. Naomba radhi. Sikuombi uniambie yamekwisha, maana najua wewe ungesema yamekwisha ili nisione haya, na ungeliendea sinia. Chukua muda wako. Kama ni mwaka, mwaka. Kuna simu, na kuna likizo, na mimi siendi mahali.

Wala sikudai mji ule uniambie. Ni wako.

Baada ya alasiri wanakuja watu kukuaga: mjomba wako na mkewe kutoka Mambrui, Saida, Kadzo na Dama wake. Karatasi hizi nitaziweka chini ya mto wako, na nimemwambia baba yako akucheleweshe kidogo, kwa hivyo ukifika utazikuta kabla yao. Mtu akikuuliza umelia nini, mwambie vitunguu.

Wakifika, jikoni ni kwangu leo. Nimekwisha kumwambia Saida asinifuate. Chai nitapika mimi, kaimati nitakaanga mimi, na kikombe chochote nikikiona mkononi mwako nitakinyang'anya. Wewe kaa mkekani. Usipotaka kucheza usicheze, kaa tu na watu wako, uchekeshwe. Mlango wa jikoni nitauacha wazi. Ukitega, nitakusikia, na nikilijua jibu nitanyamaza.

Mama yako